A. Mwaisumo

Kiswahili hakijaniuliza kamwe.
Alipanda ngazi. Alifunga taa ya saba. Aliungua kidole.
Hiyo a- haivai gauni wala suruali,
imekaa mwanzoni mwa kitenzi, inafanya kazi yake.

Nami miaka kumi na miwili, kwenye karatasi za maonyesho,
nimejibanza nyuma ya herufi hiyohiyo:
Taa: A. Mwaisumo.

Mwandishi mmoja wa gazeti alinisifu.
"Bwana Mwaisumo," aliandika, "ametupakia usiku wa buluu
hadi tukahisi baridi."
Ilikuwa Februari, Upanga, feni mbili zimekufa,
watu wanajipepea kwa karatasi zenye jina langu.
Nilikikata kipande kile nikakihifadhi.
Sifa nilizila zote. Lile Bwana
likanikwama kooni kama mwiba wa perege.

Leo nimelimwaga kopo la karatasi sakafuni.
Maonyesho thelathini na saba.
Nimehesabu kwa nafaka, maana vidole havitoshi:
choroko kwa mwanamke, harage kwa mwanamume.
Maleba: choroko, choroko, choroko, na harage moja,
Shekiondo, aliyepima bega la mtu kwa jicho tu,
waliyemcheka mpaka akarudi Tanga kushona mapazia ya nyumba za wageni.
Mandhari ya jukwaa: maharage.
Sauti: maharage, ungeweza kuinjika chungu.
Taa: choroko tisa.
Nikafurahi. Tisa!
Nikasoma tena.
Zote tisa ni mimi.

Hapo sijagusa bahasha.
Bahasha ya maleba ni nyembamba kwa sababu kushona,
wanasema, mwanamke huzaliwa nako,
na kitu cha kuzaliwa nacho hakina risiti.
Kokushubira alizunguka Kariakoo siku tatu
akitafuta kaniki iliyopauka kwa jua la kweli, si kwa jiki.
Akamvisha mfalme. Mfalme akapigiwa makofi.
Nauli alijilipia.

Bodi nayo hukaa, hunywa chai, hukubaliana:
"Sisi tunachukua wenye uzoefu."
Uzoefu unapatikana wapi? Juu ya ngazi.
Ngazi inalala wapi? Stoo.
Ufunguo wa stoo anao nani?
Anao Anyosisye, mtu mwema kabisa, hana kinyongo na yeyote,
ila huwapa vijana anaoangalia nao mpira.

Na mlinzi wa geti, kila msimu mpya:
"Dada, fundi wa taa ameshafika?"
Nina koleo mfukoni, nina waya begani.
"Ameshafika."
"Yuko wapi?"
"Tunaongea naye hapa."
Akachungulia nyuma yangu.

Juzi amekuja binti wa Mbagala, Sikudhani, kujifunza.
Hakuuliza kama inaruhusiwa.
Aliuliza ngazi inabeba kilo ngapi.
Nikamshikia chini, akapanda na ufunguo wa spana kinywani,
na alipofika juu kabisa, Luku ikaisha.
Giza totoro. Waigizaji wakanyamaza katikati ya ugomvi wao.
Mtu akaanza kuita wanaume waje kumshusha.
Ndipo tukamsikia, taratibu, kama anayejisemea:
"Msinishushe. Skrubu nimeshaipata."

Jioni nikaenda kwa mchapaji, Mtaa wa Swahili.
Akauliza, kama kawaida, A. Mwaisumo?
Nikasema, hapana. Andika Atupakisye.
Kisha chini yake, Msaidizi: Sikudhani Mtulia.
Akapima kwa rula, akakuna kidevu.
"Jina refu hili. Litavuka mstari."
"Livuke."

Akaongeza shilingi ishirini kwa kila nakala.
Nimelipa. Nimedai risiti.